Robo Saa ya Mwisho Marlpit

Horace Willett alitengeneza filamu ishirini na sita, na ukimsimamisha mtu yeyote barabarani umuulize, labda atakutajia mbili, na hizo mbili atazikosea majina. Hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha raha mpaka uzeeni ni robo saa moja tu, aliyoiomba Ijumaa moja ya Novemba mwaka 1971, na namna alivyojaribu kuirudisha.

Alizaliwa Hayes, baba yake muuza maziwa. Alipoingia Studio za Marlpit mwaka 1933 hakupita mlango wa mbele. Alipita geti la nyuma, lile la malori, mkate na jibini mfukoni, akaanza kazi ya kuburuta nyaya za umeme. Marlpit wakati huo ilikuwa majengo manne ya matofali yaliyoezekwa mabati, yamekaa katikati ya mashamba ya viazi magharibi ya London. Mvua ikinyesha ilibidi kila mtu anyamaze asubiri, maana mabati yalikuwa na sauti kuliko waigizaji. Watu walikaa juu ya masanduku wakicheza karata, na mfalme mwenye taji la karatasi akapanga foleni ya chai nyuma ya seremala. Horace aliipenda kazi ile siku hiyohiyo, kama aliyelogwa.

Kulikuwa na harufu pale ambayo hakuikuta tena popote: vumbi la mbao, gundi inayochemka kwenye ndoo, rangi mbichi, na vumbi lililoungua juu ya taa kubwa. Mkewe, Enid, aliiita harufu ya mke mwenza. Hata baada ya kupata ofisi na tai za hariri, akirudi nyumbani Enid alimnusa kola na kusema, "Leo ulishuka chini."

Kazi Marlpit ilikoma saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Haikungoja ishirini na moja. Taa zilizimwa hata kama bibi harusi wa kwenye filamu alikuwa hajamaliza kusema ndiyo. Ukitaka kuendelea, uliomba robo. Na robo haikuombwa kwa simu wala kwa kutuma mtu. Mtayarishaji mwenyewe alishuka dakika kumi kabla, akasimama katikati ya sakafu, akavua kofia, akawaambia watu anataka nini na kwa sababu gani. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alimuuliza, "Hayo tu?" Akishajibu, mikono ilinyooshwa. Mkono mmoja ukibaki chini, watu walienda makwao, na ilikuwa mwiko kumuuliza mwenye mkono ule kulikoni.

Mwaka 1938 mkono uliobaki chini ulikuwa wa Horace. Alikuwa juu kwenye kichanja cha taa, miaka ishirini na miwili, na alikuwa amemwahidi binti mmoja wa duka la viatu kwamba watakwenda dansini saa moja kamili. Taa ya pembeni yake ilishikwa na Percy Tranter, kijana mwembamba wa Acton mwenye ulimi kama wembe. Percy alimkanyaga mguu.

"Nyoosha mkono, punguani. Unaangaliwa na studio nzima."

"Nimemwahidi Enid."

"Enid hatakulipa mshahara."

Horace hakunyoosha. Chini kabisa mtayarishaji, mzee Mortlake, mtu wa masharubu aliyekuwa akiogopwa mpaka na farasi wa filamu, aliinua macho akamwona. Akavaa kofia yake. "Asanteni," alisema, "tuonane kesho." Kesho yake walipopishana getini alimsalimia Horace kwa jina, na huo ndio ukawa mwisho wa habari. Enid alikuwa hajui kucheza hata kidogo, lakini waliishi pamoja miaka arobaini na mbili. Na Horace, akiburuta nyaya zake, aliamua moyoni kwamba siku akipewa cheo atakuwa bosi wa namna ile.

Cheo kilikuja polepole. Vita vilimpeleka jangwani kutengeneza jenereta za jeshi, vikamrudisha akiwa na kipara. Marlpit wakampa kazi ya kupanga ratiba, kwa kuwa alijua majina ya watu wote, na alijua nani ana mgongo mbovu na nani hapatani na nani. Mwaka 1953 wakamwacha atengeneze filamu yake ya kwanza, ya kuchekesha, ya kasisi aliyeficha wezi ndani ya kinanda cha kanisa. Ilikamilika kwa wiki tano. Baada ya hapo zikafuata za makondakta, za wapangaji, za mabibi wanaokimbia na fedha za chama cha bustani. Hazikuwa filamu za kubadilisha dunia. Zilikuwa za Jumamosi mchana, mvua nje, familia nzima ikila chokoleti gizani, na mimi sioni aibu kusema kwamba dunia ilikuwa nzuri zaidi zilipokuwapo.

Mwaka 1962 wenye studio, mabwana wa London ambao hawakuja Marlpit ila siku za kupiga picha na waigizaji, walimfanya Horace mkuu wa studio nzima. Akapewa ofisi ya ghorofani yenye zulia la kijani. Percy alikuwa sasa fundi taa mkuu, tena mwakilishi wa chama, na alipanda kuliona zulia siku ya kwanza.

"Sasa hapa tumekwisha," Percy alisema. "Ukitembea husikiki. Tutajuaje kama bosi anakuja?"

"Mtajua. Mtaona ghafla mnafanya kazi."

"Lo. Kumbe cheo kinaleta na utani. Wewe si ulikuwa bubu?"

Kila siku saa kumi jioni Horace alishuka na kigari cha chai. Alikula andazi lake la zabibu akiwa amesimama, akisikiliza habari za mtoto wa nani amefaulu na mbwa wa nani amekufa. Na alipohitaji robo aliiomba kama alivyofanya mzee Mortlake, kofia mkononi. Katika miaka yote ile aliomba mara nyingi na kunyimwa mara mbili, na hakuwahi kuwadanganya. Aliwaambia ukweli hata ulipokuwa wa aibu. Mara moja aliwaambia kwamba mwigizaji mkuu amelewa tangu mchana na ndiyo kwanza ameweza kusimama wima, basi tumuwahi. Studio ilicheka mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye vichanja, na mikono yote ikapanda.

Ndipo ikaja vuli ya 1971. Watu walikuwa wamebaki majumbani wakitazama televisheni, majumba ya sinema yakageuzwa kumbi za bahati nasibu, na Marlpit ilikuwa na filamu moja tu mkononi. Ilikuwa ya bibi mmoja mwenye nyumba ya wapangaji ambao, mmoja baada ya mwingine, wanahama au wanafariki, mpaka anabaki peke yake. Kipande cha mwisho kilikuwa hivi: bibi anashuka ngazi kutoka ghorofa ya nne hadi chini, na kila anapopita taa anaizima. Taa tisa. Kipande kizima kilitakiwa kwa mkupuo mmoja, kamera ikishuka naye bila kukatwa.

Jambo hilo ni rahisi kuandika. Taa za ukutani zilikuwa za pambo tu, mwanga wenyewe ulitoka juu. Kwa hiyo mafundi tisa walikaa vichanjani, kila mmoja na taa yake, kila mmoja akipunguza mwanga kwa mkono wakati uleule kidole cha bibi kilipogusa swichi. Ukichelewa kidogo, mtazamaji anaona ujanja. Ukiwahi, unaona aibu maisha yako yote. Percy aliwafundisha watu wake wiki nzima kwa kuhesabu hatua, na taa ya tisa, ya chini kabisa, aliishika mwenyewe.

Siku ya Jumatano ya wiki hiyo Horace aliitwa London. Alirudi na bahasha. Marlpit imeuzwa, wanunuzi watajenga nyumba za kuishi, watu watapewa barua zao Jumatatu. Mpaka Jumatatu, waliandika, mkuu wa studio asimwambie mtu yeyote, ili kazi isivurugike. Horace alikaa ofisini koti likiwa bado mwilini. Alipofika nyumbani hakumwambia hata Enid, naye Enid alimnusa kola akasema tu kwamba anaonekana ana mafua.

Ijumaa walianza kipande cha ngazi baada ya chai. Bibi mwenye nyumba alikuwa Constance Verrall, mwenye miaka sabini na mitatu, ambaye Jumamosi asubuhi alikuwa na ndege ya kwenda Kanada kuishi kwa binti yake. Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili taa ya nne iliwahi. Mara ya tatu ilikwenda vizuri mpaka taa ya saba, kisha ndege kubwa ikapita juu ya mabati na kuharibu sauti. Ikawa saa kumi na moja na dakika nane.

"Mikono imeshaizoea sasa," Percy aliita kutoka juu. "Mara moja tu tena, tunaipata."

Bibi Verrall alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu kavua. "Mimi nipeni dakika tano, wanangu, halafu nitashuka hata kwa makalio."

Horace alisimama mlangoni. Kipande kisingepatikana kabla ya ishirini. Kesho Bibi Verrall angekuwa angani, na Jumatatu ngazi yenyewe ingekuwa kuni. Ilibaki robo. Akapiga hesabu yake ya mwisho, ile mbaya: nikiwaambia kwamba studio imekufa, kuna mkono utabaki chini. Na hata ikipanda yote, itakuwa inatetemeka. Alijiambia kwamba anawahurumia. Mtu akitaka kudanganya, hakosi huruma ya kujifichia.

Alikwenda katikati ya sakafu akavua kofia. Percy alishuka vichanjani akasimama mahali pake.

"Jamani," Horace alisema, "naomba robo. Bibi Verrall anasafiri kesho. Kipande hiki ndicho filamu yenyewe, na nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba mmebakiza kidogo mkipate. Sitawashikilia zaidi ya robo."

Percy alimtazama. Kwa desturi aliuliza, "Hayo tu?"

Bahasha ilikuwa ndani ya koti lake.

"Hayo tu," alijibu.

Watu hamsini na watatu walinyoosha mikono. Bibi Verrall naye alinyoosha, ingawa hakuwa mwanachama, na watu wakacheka.

Kamera ikawashwa saa kumi na moja na dakika ishirini na sita. Bibi alitoka mlango wa juu, mkono mmoja kwenye mbao za ngazi. Taa ya kwanza ikafa kama jicho linalosinzia. Ya pili. Ya tatu. Kila giza lilipokuja lilikuja kwa utaratibu, likimfuata yule bibi begani, na nyumba nzima ya mbao na gundi ikawa nyumba ya kweli inayofungwa na mwenyewe. Horace alilia, tena waziwazi, na hakujali. Taa ya saba, ya nane. Alikumbuka kwamba aliahidi robo na si zaidi, akainamisha kichwa kutazama saa yake ya mkononi. Dakika thelathini na nne. Alipoinua macho kulikuwa giza, na sauti ya mwongozaji ikisema wamepata.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Seremala mmoja alimbusu Bibi Verrall mkono. Percy alishuka taratibu, akijifuta jasho, akapita mbele ya Horace na kumgonga bega. "Miaka thelathini na nane, mzee wangu," alisema, "na sijawahi kushika taa vile." Alikwenda zake kuvaa koti huku akiimba kwa mluzi.

Jumatatu barua ziligawiwa saa tatu. Saa tatu na nusu Percy alikuwa juu ya zulia la kijani. Hakukaa.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano." Percy alikunja barua yake mara mbili. "Studio kufungwa, umeletewa kutoka London. Hilo sikulaumu, hata wewe umemwaga unga kama sisi. Lakini robo hukuletewa, Horace. Robo uliiomba mwenyewe. Nilikuuliza, hayo tu, na wewe ukanijibu mbele ya watu."

"Ningewaambia, mngenipa?"

"Sasa unaniuliza mimi? Ungewauliza wao. Walikuwa wamesimama pale."

Horace alianza kusema kuhusu ndege ya Bibi Verrall. Percy aliinua kiganja.

"Usinielezee kazi. Kazi naijua." Akatoka, na zulia halikutoa sauti.

Horace hakulala vizuri usiku ule. Alfajiri alikuwa ameshapata jawabu, na ubaya wa majawabu ya alfajiri ni kwamba yanaonekana ya haki sana. Kama amechukua kitu kwa uongo, atakirudisha. Hawezi kuwarudishia watu dakika kumi na tano za maisha yao. Lakini kilichopatikana ndani ya dakika zile anaweza kukiacha. Hatakula matunda ya udanganyifu wake. Alijisikia mwepesi, karibu na furaha, akanyoa ndevu huku Enid akimshangaa.

Mhariri wa filamu alikuwa Maud Pelling, mwanamke mnene aliyevaa glavu nyeupe na kuongea na mikanda ya filamu kama na watoto. Kipande cha ngazi kilikuwa kimeshatoka kusafishwa, kinaning'inia mbele yake.

"Kitoe," Horace alisema.

"Nikitoe wapi?"

"Kwenye filamu. Filamu iishe pale anapofunga mlango wa mpangaji wa mwisho."

Maud alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Horace, una homa? Hiki ndicho filamu. Vingine vyote ni njia ya kufika hapa. Hebu kaa, nikuwekee ukitazame kwanza. Dakika nane tu."

"Sitaki kukitazama. Kilipatikana kwa uongo wangu. Nawarudishia wenyewe."

"Wenyewe wamekwambia wanakitaka?"

Hapo angesimama. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini Horace alikuwa ameshaonja utamu wa kujiadhibu, na huo ni mtamu kuliko andazi. Akamwambia atoe na nakala mama pia, asije mtu baadaye akakirudisha. Mwongozaji, kijana mmoja aliyekuwa ameshapata kazi Italia, alipiga simu akafoka, lakini mkataba ulimpa mkuu wa studio mkasi wa mwisho. Wenye studio hawakuuliza. Wiki ile watu wa kusafisha majengo walikuwa wakichoma takataka uani, mbao, mapazia, mataji ya karatasi, na Horace alikipeleka kipande mwenyewe ndani ya kopo lake akakitupa motoni. Alisimama mpaka moshi ulipokwisha. Hakumwambia mtu, akiamini watajionea wenyewe siku filamu itakapotoka.

Filamu ilitoka mwezi wa Machi. Ilionyeshwa katika sinema ya Regal, mji wa jirani, Jumamosi saa nane mchana, na watu wa Marlpit walipeana habari. Walikuja karibu wote. Wengine walikuwa wamepata kazi ya kufunga umeme kwenye maduka, wengine hawakuwa na mbele wala nyuma, lakini walivaa suti, na wake zao walivaa kofia za kanisani. Horace alimwona Percy mstari wa tatu pamoja na mkewe Ivy, mwanamke mfupi mwenye koti la buluu. Ivy aligeuka akampungia mkono. Percy hakugeuka. Horace na Enid walikaa nyuma yao kwa mistari miwili, na Horace moyo ulimwenda mbio kama kijana anayesubiri matokeo. Alijiambia kwamba bado kidogo Percy ataelewa.

Watu waliangua kicheko mahali pa kucheka. Walinong'onezana kila walipoona ukuta walioupaka rangi au dirisha walilolipachika. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Filamu ilipokaribia mwisho, ukumbi ulianza kujiweka sawa. Wanaume walikaa wima. Mmoja alimshika mkewe kiwiko akamwambia, "Sasa tazama, inakuja." Bibi Verrall alifunga mlango wa mpangaji wa mwisho. Muziki ukapanda. Majina yakaanza kupita.

Taa za ukumbi ziliwashwa na hakuna aliyeinuka.

"Percy," Ivy alisema, na katika ukimya ule walimsikia wote, "mbona ngazi sijaiona?"

"Amekosea yule wa mitambo," mtu alisema. "Ameruka mkanda."

Percy alikuwa ameshasimama, anaelekea ngazi za chumba cha mitambo. Horace alimfuata, akamkuta barazani mbele ya dirisha la tikiti. "Hajaruka kitu, Percy. Mimi nilikitoa." Wengine walikuwa wameanza kutoka ukumbini nyuma yao, kwa hiyo alilazimika kusema mbele ya wote, kama zamani, ila safari hii kofia ilikuwa kichwani na hakukumbuka kuivua. Alieleza kila kitu. Kwamba alijua tangu Jumatano. Kwamba robo ile aliipata kwa hila. Kwamba hakuona haki kujipatia sifa kwa kitu alichowaibia, hivyo alikirudisha.

"Umekirudisha kwa nani?" Percy aliuliza.

Horace aliwatazama waliokuwa nyuma yake, lakini Percy hakungoja.

"Robo ndiyo tuliyokupa wewe. Kazi ilikuwa yetu. Kiko wapi?"

"Nilikichoma."

Fundi wa taa ya pili alikaa kwenye benchi la baraza akatazama viatu vyake. Enid, ambaye ndiyo kwanza anayasikia haya, aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe.

Waliosogea nje walisimama kwenye lami ya Regal, jua la Machi likiwapiga bila joto. Ivy ndiye aliyesema. "Alirudi nyumbani siku ile anaimba. Aliniambia, Ivy, sikusimulii, utaiona mwenyewe. Nimesubiri tangu Novemba." Alimgeukia Horace. "Basi nisimulie wewe, Bwana Willett. Si kazi yako kusimulia?"

Ilikuwa kazi yake kweli. Miaka ishirini alikuwa amekaa mbele ya mabwana wa fedha akiwasimulia filamu ambazo hazijazaliwa mpaka wakatoa kalamu. Horace alianza. Bibi anatoka mlango wa juu, alisema, mkono kwenye mbao, anafika taa ya kwanza na kuizima.

"Haizimi tu," alisema fundi wa taa ya kwanza. "Anaigusa, anasita, ndipo anaizima. Nilimngoja."

Akaendelea, na kila alipofika taa mwenye taa alidakia. Wa tatu alieleza jinsi alivyoubakiza mwanga kidogo kwenye ukuta ili uonekane mpaka wa picha iliyokuwa imetundikwa pale. Wa nne, aliyewahi mara ya pili, alisema kwamba mara ya mwisho alihesabu kwa sauti ndani ya mdomo. Wake zao walikuwa wamesogea wakisikiliza, na wapita njia wakawa wanawazunguka. Wa sita alikuwa na machozi. Kwa muda mfupi ngazi ilisimama pale barabarani, nzima, na Horace alikuwa na furaha asiyoistahili, kama siku za kigari cha chai. Wa saba akamaliza. Wa nane akamaliza.

Wote walimtazama Horace aendelee.

"Endelea," Percy alisema. "Bado moja."

"Siijui," Horace alisema. "Nilikuwa natazama saa."

"Hata kwa Maud hukuitazama?"

"Hapana."

Percy alimwangalia kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja na kumpa Ivy mkono.

"Twende, mama," alisema. "Yangu nitakusimulia nyumbani."

Wakashuka kuelekea kituo cha basi, na wengine wakawafuata wawili wawili, wake zao wakishikilia kofia kwa sababu ya upepo. Horace alibaki kwenye lami na zile taa nane.